Watchmen, Maus na One Piece: nimepigwa au sijui kusoma?

Kijana_wa_Mbagala

Wakuu, salaam. Nimechukua vitabu vitatu vya katuni kwa wauza mitumba wa Posta: Watchmen nzima kwa pamoja, Maus iliyokamilika, na juzuu ya kwanza ya One Piece. Maoni yangu haya, msinirushie mawe.

Watchmen: visanduku tisa vya picha, ukurasa unaofuata tisa tena, unachoka kama unapitia daftari la hesabu. Halafu sura zinaishia na kurasa za maandishi matupu, nimeziruka. Maus: habari nzito, ila mistari minene kama ya mtu aliyechora huku gari linamsubiri. One Piece ndiyo kabisa, mtu anajibu kabla hajaulizwa. Isitoshe jalada la Watchmen linajikunja kwenda juu kama chapati ya jana, na One Piece ina vidoa vya kahawia kwenye kingo. Nimepigwa? Naomba kuwasilisha.

Fundi_Kalamu

One Piece ni katuni ya Kijapani, husomwa kutoka kulia; wewe unaisoma kinyume, mkuu. Mgongo wa kitabu ukae mkono wako wa kulia. Anza kisanduku cha juu kulia, nenda kushoto, ndipo ushuke. Ndani ya kisanduku chenyewe pia kiputo cha maneno cha kulia ndicho kinachosema kwanza. Hapa wengi wanakosea hata baada ya kugeuza kitabu.

Ukipotea kwenye ukurasa wenye visanduku vya ukubwa tofauti, angalia nafasi nyeupe. Wachoraji wa Japani kwa kawaida huacha nafasi nyembamba kati ya visanduku vya mstari mmoja, na pana kati ya mstari na mstari. Maliza vilivyobanana, kisha vuka ile pana.

Zamani watafsiri walikuwa wanageuza picha kama kwenye kioo ili isomeke kutoka kushoto. Akira, katuni nyingine ya Kijapani, ilipoanza kutoka Marekani 1988 iligeuzwa hivyo, ikatiwa na rangi juu. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anakuwa shoto, na kimono inafungwa upande wa kulia juu ya kushoto, ambavyo Japani huvalishwa maiti.

Kuhusu kupigwa: washa kamera ya simu, vuta karibu sehemu za kijivu. Chapa halali ina vitone vidogo vilivyopangika. Nakala iliyoskaniwa na kuchapwa upya huonyesha mawimbi juu ya vile vitone, na herufi zina ukungu kwenye kingo.

MamaVibonzo

Mimi nitetee hizo mbili nyingine.

Visanduku tisa ndiyo mapigo ya Watchmen, kama ngoma. Yakishazoeleka, kisanduku kimoja kikipanuliwa unakihisi mwilini. Tazama ukurasa wa kwanza kabisa: sita vidogo, kisha kimoja kipana chini, na jicho limepanda kutoka kwenye beji iliyo mtaroni hadi dirishani juu ghorofani bila mtu kukuelekeza. Sasa fungua sura ya 5, ukurasa wa 14 na 15, viweke wazi pamoja. Kushoto na kulia ni kioo. Rudi ukurasa mmoja, nenda mbele mmoja, linganisha mpangilio tena. Sura nzima imejengwa hivyo hadi ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Kurasa za maandishi usiruke, hasa za sura tatu za mwanzo. Ni kumbukumbu za mhusika mmoja mzee, na mambo yake yanarudi baadaye. Ilitoka kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987, kwa hiyo sura moja kwa siku inatosha. Ukibugia yote Jumapili moja lazima uchoke.

Maus: kwa kawaida mchoro wa katuni huchorwa mkubwa, ukapunguzwa wakati wa kuchapa, ndipo mistari inakuwa myembamba na safi. Spiegelman, mwandishi na mchoraji wake, alichora kwa ukubwa uleule unaouona. Unene wa kalamu umeachwa makusudi. Ukidhani hajui namna nyingine, tafuta zile kurasa nne za kifo cha mama yake, zenye sura za watu badala ya panya. Humo Wayahudi wamechorwa kama panya, Wapolandi kama nguruwe. Na Myahudi akijifanya Mpolandi, tazama nyuma ya kichwa: kinyago cha nguruwe kina kamba.

Karatasi_Kavu

Jalada limekunjwa na hewa ya Dar. Nje limepakwa plastiki isiyonywa unyevu. Ndani ni karatasi tupu, inanyonya na kutanuka, basi linavutwa kuelekea nje. Lilaze chini ya uzito wa kilo 3 hadi 5, karatasi nyeupe juu na chini, wiki nzima. Juani usithubutu, gundi ya mgongo itakauka na kupasuka.

Vidoa vya kahawia havitoki. Jik itakula karatasi. Kama kuna unyoya na harufu ya kuvu, vaa barakoa, piga brashi laini nje ya nyumba. Ukiona matundu kama ya sindano, hao ni wadudu: funga kitabu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Umeme ukikatika siku nzima, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utatua kwenye karatasi.

Rafu iache sentimita 5 kutoka ukuta wa nje, hasa masika. Vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu vimeshashiba unyevu zamani, havisaidii kitu. Nunua vya bluu vinavyogeuka waridi, vikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, uvitumie ndani ya boksi lenye mfuniko unaobana tu.

Kijana_wa_Mbagala

Ukurasa wa 14 na 15 nimeuona. Aisee. Lakini Watchmen maneno ya karibu na mshono yanazama, niukunje mgongo kwa nguvu?

Karatasi_Kavu

Hapana, utabaki na kurasa mkononi. Simamisha mgongo mezani, laza kurasa 15 za mbele, pitisha kidole kwenye mshono. Kisha 15 za nyuma. Rudia kwa zamu mpaka ukutane katikati. Ukisikia mlio, simama hapohapo.