Kusukuma mtoto: nisubiri mwili, au nisukume nesi akihesabu?

MamaKijacho_Moro
Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 36, niko Morogoro. Wifi yangu aliyejifungua mwaka jana ananiambia leba utaamriwa: kidevu kifuani, bana pumzi, sukumaaa, usiachie! Alitoka na macho mekundu kama ana ugonjwa. Sasa kliniki nesi mmoja kijana kanifundisha nisisukume mpaka nisikie haja mwenyewe. Mama mkwe akasema huyo nesi anataka mtoto achokee njiani. Naogopa kuchanika, na zaidi naogopa mtoto kukosa hewa. Nimfuate nani?

Mama_Pacha_Dom
Hongera mpenzi. Mimi uzao wa kwanza walinisukumisha mapema, njia imefunguka lakini kichwa kiko juu. Kichwa kilipokuja kushuka, nguvu zilikuwa zimeisha kabisa. Mapacha nilipata mkunga mtulivu, aliniacha nikalala ubavu, haja ilipokuja sikuhitaji kuambiwa. Kunywa chai yenye sukari kama wanakuruhusu, nguvu utazihitaji mwishoni.

BibiMkunga
Mwanangu, swali hili ningependa kila mjamzito aulize akiwa nyumbani. Nimezalisha miaka mingi, wilayani na mjini, sasa nimestaafu. Ukishapanda kitanda cha leba hakuna tena nafasi ya kuelezana.

Njia kufunguka sentimita 10 ni jambo moja, haja ya kusukuma ni jambo jingine, na si lazima yaje pamoja. Kichwa kikiwa bado juu unaweza hata kupata nafuu kidogo, uchungu ukapoa. Wengine huingiwa na hofu hapo, kumbe mwili unapumzika. Kichwa kikishuka na kukandamiza misuli ya chini, homoni ya oksitosini inaongezeka na haja inakuja yenyewe, kama haja kubwa usiyoweza kuizuia. Wala hutamuuliza mtu.

Mama akiachwa afuate mwili wake hasukumi mfululizo. Uchungu ukipanda anasukuma sekunde tano, sita hivi, anaachia pumzi kwa mguno, anavuta nyingine, anasukuma tena. Atafanya hivyo mara kadhaa ndani ya uchungu mmoja. Huo mguno usiuonee aibu, sisi tunausikia tunajua mtoto anashuka. Wifi yako alihesabiwa: vuta pumzi, bana mpaka kumi, vuta tena. Ukibana pumzi muda mrefu, mgandamizo kifuani unapanda, damu inayorudi kwenye moyo inapungua, na kondo la nyuma nalo linapata pungufu. Mtoto mwenye nguvu huvumilia. Aliyekwisha kuchoka, mapigo yake yanaweza kushuka. Yale macho mekundu ni vimishipa vilivyopasuka kwa mkazo huo, hupona vyenyewe.

Kwa hiyo nesi wako hajatunga. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma wakati wa kujifungua, na humo limesema mama atiwe moyo na asaidiwe kufuata haja yake mwenyewe ya kusukuma. Limesema pia asikandamizwe tumbo kwa juu ili mtoto atoke, na kuongeza njia, yaani kumkata mama ili mtoto apite, kusifanywe kwa kila mama kama desturi. Nawaomba wakunga mnaosoma hapa mliache hilo la kukandamiza tumbo, bado nasikia linafanyika na linaniuma.

Lakini kuhusu kuchanika sikudanganyi. Tafiti zilipokusanywa pamoja hazikuonyesha tofauti ya wazi kati ya anayefuata mwili na anayehesabiwa. Kinachousaidia msamba ni kitambaa cha maji ya vuguvugu, mkono wa mkunga, na zile dakika chache kichwa kinapochomoza. Unasikia moto, mwili wote unataka kusukuma, halafu unaambiwa "acha, hema!" Hema kweli, midomo wazi, hah-hah-hah, kichwa kitoke polepole. Hapo mfuate mkunga wako, hata kama mwili unasema vingine. Anaona usichokiona.

Mama mkwe naye usimpuuze. Kusubiri bila kuangaliwa ni hatari. Hatua hii, tangu njia ifunguke yote mpaka mtoto atoke, mapigo ya mtoto yasikilizwe kila dakika 5. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Yakishuka na kukataa kupanda, mkunga atakuambia sukuma sasa kwa nguvu zako zote, na hapo usibishane. Kwa mtoto wa kwanza hatua hii kwa kawaida huisha ndani ya saa 3, na kama mtoto hashuki daktari anaitwa mapema, hasubiriwi mpaka saa hizo ziishe.

La mwisho: haja ikikujia mapema, usianze kusukuma kimyakimya. Sema "nasikia kusukuma" upimwe. Kama njia bado, lala ubavu, pumua kifupi kifupi mpaka uchungu upite. Na mkao uulize kliniki sasa hivi, kama wanaruhusu ubavu, kupiga magoti au kuchuchumaa. Kulala chali miguu juu kunamrahisishia anayezalisha kuliko anayezaa.

Dada_Leicester
Naongezea kwa walio huku Uingereza. Mimi nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, haja sikuisikia kabisa, kwa hiyo hilo la kufuata mwili peke yake lisingenifaa. Mkunga alisubiri kwanza kichwa kishuke, kisha akaweka kiganja changu tumboni nisikie linavyokaza, akawa ananiambia lini nianze na lini niache. Sauti ya chini kabisa, hakuna kelele. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018, akina mama zaidi ya 2,400 wa uzao wa kwanza wenye ganzi hiyo: waliosukuma mara moja na waliosubiri saa moja walizaa kwa njia ya kawaida karibu sawasawa, ila waliosubiri walivuja damu zaidi. Kwa hiyo muulizeni mkunga wenu, msing'ang'anie kusubiri tu.

MamaKijacho_Moro
Asante sana Bibi, nimemsomea mama mkwe yote, kasema hapo kwenye mapigo umemtuliza. Swali moja tu. Kliniki iliyopita presha ilikuwa 140/90, wakaniambia nirudi kupima. Je, bado naweza kusukuma kwa kufuata mwili?

BibiMkunga
Hilo ungelisema mwanzo mwanangu, linakuja kabla ya habari yoyote ya kusukuma. Kesho asubuhi nenda upimwe presha na mkojo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kichwa kikiuma sana, ukiona ukungu au vimulimuli machoni, uso au mikono ikivimba ghafla, au ukisikia maumivu chini ya mbavu, ondoka saa hiyohiyo, hata usiku. Presha ikiwa juu, daktari ndiye atapanga ujifungulie wapi na usukumeje. Wengi wenye presha iliyodhibitiwa husukuma vizuri tu, na kubana pumzi muda mrefu ndiko kwa kuepuka zaidi. Mama mkwe akusindikize, na ukitoka huko uandike hapa wamesemaje.