Kruza nzito za tani 10,000: kwa nini zilitofautiana kiasi hiki?

Mdau wa Sakina:
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha historia hapa Arusha kinaandaa mada kuhusu kruza nzito (meli za kivita za mwendo wa kasi) zilizojengwa baada ya Mkataba wa Washington wa 1922, uliowekea mipaka meli za kivita. Sharti lilikuwa moja kwa wote: uzito usizidi tani 10,000, na kipenyo cha mzinga kisizidi milimita 203. Nikizipanga meli hizo kwenye jedwali moja nakwama. Kent ya Uingereza ina mizinga 8, na ubavu wa vyumba vya mitambo umekingwa kwa bamba la milimita 25 tu. Zara ya Italia nayo ina mizinga 8, ila mkanda wake wa deraya, yaani mabamba ya chuma ya kukinga ubavu, ni milimita 150. Myōkō ya Japani ina mizinga 10, mkanda wa milimita 102, na bado inaiacha Kent kwa mbio. Nani alikuwa hodari na nani alidanganya? Na mtu asiye mhandisi wa meli anaweza kukagua mwenyewe kwa hesabu?

Chelezo:
Anza na tani yenyewe, mkuu. Tani ya mkataba ni kilo 1,016. Meli ilipimwa ikiwa tayari kwa safari, pamoja na mabaharia, mizinga, makombora, chakula na maji ya kunywa, lakini bila mafuta na bila maji ya akiba ya boila. Ndiyo tani sanifu. Kent ikijaza mafuta ilizidi tani 13,000 na haikuvunja sharti lolote. Jedwali lako likichanganya tani sanifu za meli moja na tani za shehena kamili za nyingine, limeharibika kabla hujaanza kulinganisha.

Kukagua inawezekana. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 100 lina uzito wa kilo 785 kwa kila mita moja ya mraba. Chukua mkanda wa kukadiria: urefu mita 110, kimo mita 4, pande mbili. Hizo ni mita za mraba 880. Kwa milimita 25 unapata tani 173. Kwa milimita 150 unapata tani 1,036. Tofauti ni kama tani 860, kwa ubavu peke yake. Sasa funika urefu huohuo wa mita 110 kwa juu, upana wa mita 18, kwa deraya ya sitaha ya milimita 50: tani 777. Wengi hutazama mkanda tu wakasahau kwamba sitaha nyembamba inaweza kula uzito mwingi kuliko mkanda wa milimita 100.

Kwa hiyo Waingereza walichagua. Kwenye Kent deraya nene, hadi milimita 102, iliwekwa kama sanduku kuzunguka maghala ya risasi, kwa sababu ghala likilipuka meli haipo tena. Mitambo ikaachwa na kinga ndogo. Walihitaji bodi (mwili wa meli) ndefu yenye ubavu mrefu juu ya maji, mabaharia waweze kuishi ndani yake miezi mingi kwenye bahari za mbali. Mkanda wa milimita 114 uliongezwa baadaye, kwenye matengenezo makubwa ya miaka ya 1930.

Fundi Mitambo, Njiro:
Naongezea upande wa injini, maana ndiko tani nyingi zilikopotelea. Kwa kanuni ya jumla nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa kasi, na karibu na ukomo wa meli hupanda kuliko hapo kwa sababu ya mawimbi ambayo meli yenyewe inayatengeneza. Kent: hospawa 80,000 (nguvu ya injini), noti 31.5 (kasi ya meli). Trento ya Italia: hospawa 150,000, noti 35. Noti 3.5 ziligharimu karibu mara mbili ya nguvu, na kila hospawa inadai boila, tabaini (mashine inayozungushwa na mvuke), mabomba na nafasi. Trento ikabaki na mkanda wa milimita 70.

Zara ilikuja kama jibu la kosa hilo. Hospawa 95,000, noti 32, shafti 2 za kuzungusha rafadha badala ya 4, na urefu ukashuka kutoka mita 197 hadi 183. Bodi fupi inahitaji mkanda mfupi, kwa hiyo unaokoa mara mbili. Huo ni usanifu mzuri kabisa. Lakini haukutosha kulipia milimita 150. Zara ilizidi tani 11,500. Mwaka 1936 meli dada yake, Gorizia, ilipata mlipuko wa mvuke wa petroli ikaingizwa cheleza (gudi ya kutengenezea meli) ya Gibraltar, na Waingereza wakapata nafasi ya kuona uzito wake halisi.

Ukitaka aliyefanya vizuri ndani ya sheria, weka Algérie ya Ufaransa ya 1934: mizinga 8, mkanda wa milimita 110, hospawa 84,000, noti 31. Kwangu mimi hiyo ndiyo bora ya kizazi chote.

Mdau wa Sakina:
Asanteni sana. Na Wajapani je? Pia Pensacola ya Marekani ina mizinga 10, na tareti (kibanda cha mizinga kinachozunguka) yenye mapipa, yaani mitutu, matatu iko juu ya ile yenye mawili. Si ingekuwa kinyume?

Chelezo:
Myōkō ilipangwa iwe ndani ya kikomo ikatoka ikiwa imezidi kwa karibu tani 1,000. Msanifu wake, Hiraga Yuzuru, aliokoa uzito kwa kuyafanya mabamba ya deraya yawe sehemu ya mifupa ya meli, lakini makadirio ya uzito yalikuwa ya matumaini mno. Madhara yake unaweza kuyapima: kwa bodi ya mita 204 kwa 19, kila tani 27 hivi huizamisha sentimita moja. Tani 1,000 ni karibu sentimita 37, na mkanda unazama nazo.

Pensacola ni kinyume chake. Ilipungua kikomo kwa tani 900, kwa kuwa wasanifu waliogopa kuzidi. Tareti ya mapipa matatu huhitaji shimo pana zaidi kwenye bodi, na karibu na omo (mbele ya meli) bodi ni nyembamba, ndipo ikasogezwa nyuma na kupandishwa juu. Uzito ukapanda, meli ikayumba sana. Tena mapipa yote ya tareti yalifungwa kwenye kitanda kimoja (fremu inayoshika mapipa), karibukaribu, makombora yakasumbuana hewani na kutawanyika. Wichita ya 1939 ndiyo kruza nzito ya kwanza ya Marekani kulipa kila pipa kitanda chake.

Kahe Stesheni:
Hapa Moshi watu wangependa kujua tani 10,000 zilitoka wapi. Zilitoka kwenye Hawkins ya Waingereza, tani 9,750, mizinga 7 ya milimita 190, iliyobuniwa 1915 kuwinda meli za Kijerumani zinazovamia njia za biashara, za aina ya Königsberg iliyokwama Rufiji na ambayo mzinga wake mmoja ulifika hadi Kahe mwaka 1916. Uingereza haikutaka kuzitupa Hawkins, kikomo kikawekwa juu yake kidogo, na kila taifa likajenga hadi kwenye kikomo.

Kwenye mada yenu tenganisheni pia Mkataba wa London wa 1930, kwa sababu huo ndio ulioweka idadi: kruza nzito 18 kwa Marekani, 15 kwa Uingereza, 12 kwa Japani. Japani ilipofikisha 12 ikajenga Mogami kama kruza nyepesi, yaani yenye mizinga midogo zaidi: mizinga 15 ya milimita 155, kwa uzito uliotangazwa wa tani 8,500. Uchomeleaji ulikuwa na kasoro, bodi ikajipinda kwenye majaribio ya 1935 na baadhi ya tareti zikagoma kuzunguka. Ilibidi iimarishwe upya. Mwaka 1939 hadi 1940 ikapewa mizinga 10 ya milimita 203, kwa hiyo andikeni Mogami kwenye mistari miwili ya jedwali, kabla na baada.