Je, kusema kwamba aliiba ni kuhukumu?

Muumini wa Kayole:
Bwana asifiwe, wapendwa. Mwaka jana mweka hazina wa chama chetu cha akina mama kanisani alitumia shilingi 84,000 za akiba yetu, na tulipolifungua daftari tukakuta ametia alama za kalamu ya buluu mbele ya majina yetu, kana kwamba kila mmoja alikuwa amekwisha kupokea zamu yake. Alikiri mbele ya mchungaji, akalipa 20,000, kisha akanyamaza. Sasa amerudi kwenye kwaya. Kila anapoinua kitabu cha nyimbo mimi naiona ile kalamu, na mara mbili nimeondoka kabla ya Meza ya Bwana. Mume wangu asema Biblia imekataza kuhukumu. Je, nikimsamehe, deni limekufa?

Mzee wa Kawangware:
Pole, mama. Mume wako ameitaja Mathayo 7, lakini na aisome hadi aya ya 5: mwenye boriti huambiwa aitoe kwanza, ndipo aone vema kukitoa kibanzi kwenye jicho la ndugu yake. Hakuna mahali kibanzi kimeambiwa kibaki. Kusema "alichukua fedha" ni kulitaja tendo. Kusema "huyu hajaokoka, anaigiza tu" ni kukikalia kiti kisicho chako, na nahisi (uniwie radhi nikikosea) kwamba ile kwaya inakuuma kuliko hizo 64,000 zilizobaki.

Usome pia Mathayo 18, mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni na mfalme wake, kisha akamfunga mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, kwa deni dogo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo dinari 100 alizomdai mjoli wake yule mtumwa zilikuwa jasho la zaidi ya miezi mitatu, wala Yesu hakuzidharau. Ila mtumwa huyo alikuwa ametoka kusamehewa talanta 10,000, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Piga hesabu: siku milioni 60 za kazi! Mtu aliyefutiwa hizo ndiye aliyemshika mwenzake koo.

Dada wa Buruburu:
Mzee, shikamoo. Nakubaliana nawe, ila makanisani mwetu tuna haraka ya kumhimiza aliyeumizwa asamehe, na tunajikokota kumwambia aliyeumiza arudishe. Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru katika Luka 19, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, na hakuna aliyemsukuma. Mama, msamehe, lakini daftari asilishike tena, na fedha zitolewe kwa sahihi za watu wawili. Nina swali pia: sura hiyo hiyo ya 18, aya ya 15, yaagiza umwendee aliyekukosea, wewe na yeye peke yenu. Umewahi kumwendea, au mmekuwa mkimjadili kwenye kundi la WhatsApp tu?

Muumini wa Kayole:
Dada, hapo umenipata. Tangu ile siku ya mchungaji sijawahi kusema naye neno, ilhali kwenye kundi nimeandika mengi. Nimempigia simu jioni hii. Alikaa kimya hata nikadhani laini imekatika, kisha akasema anafulia watu nguo Donholm na anaweza kutoa shilingi 500 kila wiki. Hiyo ni wiki 128. Nitawaeleza wenzangu, maana fedha si zangu peke yangu. Sikumwambia kwamba nimemsamehe, kwa kuwa bado sijafika hapo. Nilimwambia kwamba Jumapili nitakaa hadi mwisho wa ibada.