Naomba ushauri: kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, hasa mama wa zaidi ya miaka 50

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wanaopima kwa siki kwenye zahanati za vijijini.

Siki ya kupimia inachanganywa asubuhi ya siku hiyohiyo: mililita 5 za asidi ya asetiki kali (asidi ya siki isiyozimuliwa) ndani ya mililita 95 za maji safi, kupata asilimia 5. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Ikipakwa bila kuzimuliwa, inaunguza. Baada ya kupaka, subiri dakika 1 nzima kwa saa. Wengi huangalia mapema mno, doa jeupe, dalili ya seli zisizo za kawaida, halijajitokeza, mama anaambiwa yuko salama.

Doa likionekana lote, halijaingia kwenye mfereji wa mlango wa kizazi, halizidi robo tatu ya mlango na halina dalili ya saratani, linachomwa kwa joto siku hiyohiyo. Mama akiambiwa "rudi wiki ijayo", nauli inamshinda. Hapo sina swali.

Tatizo ni mama aliyekoma hedhi. Eneo ambamo seli huanza kubadilika mara nyingi limejificha ndani ya mfereji, siki hailifikii, na hapo majibu "safi" hayana maana. Kipimo cha HPV (kirusi kinachosababisha saratani hii), ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe ukeni, kingefaa zaidi. Je, mnasafirishaje sampuli hadi maabara, na majibu mnayafikishaje kwa asiye na simu?

Pia, wenye VVU mnaanza kuwapima saratani hii wakiwa na miaka 25, au mnasubiri 30 kama wengine?