Antivirusi ya kulipia imekuja na fayawoli yake: niongeze nyingine?

MamaTausi, Tanga

Habari za humu wadau. Nina laptopu ya Windows 11 Home ambayo familia nzima tunaitumia. Mimi naandalia ankara za biashara yangu ya vitenge, wanangu wanafanyia kazi za shule, na baba yao anaingilia benki. Hivi karibuni nimelipia antivirusi ya mwaka mzima, ile yenye fayawoli (mlinzi wa mlango wa mtandao) ndani. Tangu niiweke, printa yetu ya Wi-Fi haionekani kwenye laptopu, ila kwa simu inachapa vizuri tu.

Kijana mmoja wa duka la kompyuta ananiambia fayawoli ya Windows haina nguvu, kwa hiyo nipakue ZoneAlarm au Comodo niongezee. Jingine linaloniumiza kichwa ni bando. Nikiunganisha hotspoti ya simu, bando linaisha hata kama sijafungua kitu. Je, ni virusi? Naomba mnielekeze taratibu. Mimi si mtu wa kompyuta lakini nikielekezwa nafuata.

Fundi_Mwanjelwa, Mbeya

Shikamoo Mama Tausi.

Kabla ya yote, usipakue fayawoli nyingine. Kompyuta moja inatosha antivirusi moja inayolinda muda wote na fayawoli moja, basi. Antivirusi mbili zikiwashwa pamoja, kila moja inataka kulikagua faili kabla halijafunguka. Unabofya ankara moja zote zinaigombania, na mashine inakuwa nzito mpaka mtu anakuja kwangu akiamini diski imekufa. Wewe ulipoweka hiyo ya kulipia, Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ilijizima yenyewe kuipisha, na kwa kawaida fayawoli ya Windows nayo inaipisha ile mpya. Fungua Windows Security, ingia "Firewall & network protection", utaona jina la inayosimamia sasa hivi. Jina liwe moja.

Hayo ya kwamba ya Windows haina nguvu yana historia yake. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikiwa na fayawoli, lakini ilikuja imezimwa. Agosti 2003 kikaingia kirusi cha Blaster. Hukuhitaji kufungua barua pepe wala kubofya chochote. Ukishaunganisha intaneti tu kinapenya kwenye poti 135 (poti ni kama mlango wenye namba ambao kompyuta inapokelea mtandao), kisha kompyuta inakuhesabia sekunde 60 na kujizima. Mwaka uliofuata Sasser ikafanya hivyohivyo kupitia poti 445. Ndipo Agosti 2004 Microsoft wakatoa Service Pack 2 ikiwa na fayawoli iliyowashwa tayari kwa kila mtu. Toka hapo utaratibu wake ni huu: kinachotaka kuingia bila kuitwa kinazuiwa, kinachotoka kinapita, na majibu ya ulichoomba mwenyewe yanaruhusiwa kurudi. Nyumbani hilo ndilo jambo kubwa unalolihitaji. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita poti 445 ileile, na kiliwapata ambao hawakuweka sasisho lililotolewa Machi mwaka huohuo.

ZoneAlarm na Comodo sifa yake ni kukuuliza pia kuhusu kinachotoka. Sasa fikiria mwanao yuko katikati ya kazi ya shule, linatokea dirisha: svchost.exe (sehemu ya Windows yenyewe) inataka kwenda intaneti, uruhusu au uzuie? Atajibu nini mtoto? Atabofya ruhusu, na kesho ruhusu tena, mpaka mkono uzoee kuruhusu. Ikifika hapo hiyo fayawoli ipo kwa jina tu.

Printa. Windows 11 ikikutana na Wi-Fi mpya inaiandika kuwa ya umma, na fayawoli nyingi za kulipia nazo hufanya hivyo. Kwenye mtandao wa umma kompyuta inajificha, haitafuti wala kutafutwa na vifaa vya jirani, kwa hiyo printa inapotea. Ifungue antivirusi yako, tafuta sehemu ya fayawoli yenye orodha ya mitandao, Wi-Fi ya nyumbani uiweke kuwa ya kuaminika. Kisha upande wa Windows ingia Settings, "Network & internet", "Wi-Fi", fungua sifa za mtandao huo uchague "Private network". Ufanye hivyo kwa mtandao wa nyumbani peke yake! Hotspoti, hoteli, chuo, mgahawani, kote huko iache "Public". Na kama majirani wanalijua neno la siri la Wi-Fi yako, libadilishe kwanza ndipo uuite mtandao wa kuaminika.

Tafadhali usizime fayawoli ili printa ikubali. Watu wanazima "kwa dakika moja" na inabaki hivyo mpaka siku ya matatizo.

Dirisha la Windows likitokea kuuliza kama programu mpya iruhusiwe kwenye mtandao, anza na "Cancel". Zoom, kivinjari na WhatsApp zitaendelea kufanya kazi kwa sababu zenyewe ndizo zinazopiga kwenda nje. Ruhusa hiyo ni ya programu inayosubiri kupigiwa, kwa mfano watoto wanapocheza gemu moja kwenye kompyuta mbili hapo nyumbani.

Halafu kuna adui ambaye fayawoli haimuoni kabisa: flashi. Mtoto anakwenda duka la steshenari kuchapa kazi, anarudi na flashi ambayo mafaili yote yamegeuka kuwa njia za mkato. Kirusi hicho hakikupita mtandaoni, kimepita kwenye tundu la USB, na hapo ndipo antivirusi inapolipwa mshahara wake. Usibofye hizo njia za mkato. Ichanganue flashi kwanza. Ikishasafishwa, mafaili yako bado yamo, yamefichwa tu. Fungua Command Prompt, na kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yatarudi kuonekana.

Bakari_Likoni, Mombasa

Fundi umeeleza vizuri, lakini kwa hilo la kinachotoka sikubaliani nawe kabisa. Sisi tunaonunua bando tunajali kinachotoka na kinachoshuka. Mimi natumia simplewall, ni ya bure na ni nyepesi. Inazuia kila kitu mpaka nikiruhusu, na programu zinazojipigia kwao kimyakimya nimezijua kupitia hiyo.

Mama, kabla hujasema ni virusi, ukiwa kwenye Settings fungua "Network & internet", kisha "Advanced network settings", halafu "Data usage". Utaona kila programu imekula kiasi gani. Kisha fungua sifa za ile hotspoti na uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri Wi-Fi ya nyumbani, na OneDrive, ile inayopandisha mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, itasimama.

Fundi_Mwanjelwa, Mbeya

Bakari, kwako wewe unayejua unachoruhusu, sina neno. Hofu yangu ni kwa nyumba yenye watumiaji wanne. Mmoja akizuia svchost, masasisho ya Windows yanakwama kimya na hakuna atakayejua kwa miezi. Kama kuna programu moja inayokula bando, izuie hiyohiyo: andika wf.msc kwenye sehemu ya kutafuta, ingia "Outbound Rules", tengeneza kanuni mpya kwa programu hiyo na uchague "Block". Angalia tu, kanuni hizo zinafanya kazi pale ambapo fayawoli ya Windows ndiyo inayosimamia.

Hiyo "Metered connection" naiunga mkono kabisa, Mama. Iwashe leo. Lakini ukirudi kwenye Wi-Fi ya nyumbani hakikisha masasisho yanashuka, maana antivirusi isiyosasishwa haivijui virusi vya wiki hii.

MamaTausi, Tanga

Marahaba fundi, asante, na wewe kaka Bakari asante sana. Printa imerudi! Ilikuwa vilevile, ile fayawoli ya kulipia iliiandika Wi-Fi yetu kuwa ya umma. Na bando lililiwa na OneDrive, ilikuwa inapandisha video za harusi ya mdogo wangu. Kirusi hakuna.

Nimeingia pia hiyo wf.msc kuchungulia, kwenye "Inbound Rules" nimekuta gemu ambalo tulishalifuta na AnyDesk ambayo sijui iliwekwa na nani. Mwanangu mkubwa naye, kabla sijaweka hii ya kulipia, aliwahi kuwasha kumbukumbu za fayawoli ya Windows, na faili lake limejaa neno DROP. Mistari ni mingi kweli. Tunashambuliwa?

Fundi_Mwanjelwa, Mbeya

Hamshambuliwi, Mama. DROP maana yake fayawoli imezuia kitu. Mwambie kijana aangalie safu ya anwani ya anayetuma na safu ya poti inayolengwa (dst-port). Anwani ikianza na 192.168 ni kifaa cha humohumo ndani. Poti 1900 na 5353 kwa kawaida ni runinga, simu au printa zinapiga hodi kuulizana nani yupo, na 137 ni kompyuta za Windows zinatafutana majina. Kwenye nyumba yenye runinga ya intaneti faili hilo hujaa haraka sana. Kijana huyo ana jicho zuri, aendelee kulisoma.

Ningeshtuka kama anwani isiyo ya nyumbani kwako ingekuwa inagonga poti 445 au 3389 mara kwa mara. Hiyo maana yake ruta imefungua njia kutoka nje. Ukitaka uhakika ingia kwenye ruta, zima UPnP (inayoruhusu vifaa vijifungulie poti vyenyewe), tazama kama kuna poti zilizoelekezwa kwenye laptopu, na neno la siri la kiwandani libadilishe kama bado lipo.

AnyDesk iondoe leo, usiishie kufuta kanuni yake. Huenda fundi aliiweka kwa nia njema na akasahau, lakini hiyo ni programu ya mtu kuikalia kompyuta yako akiwa mbali, na Baba Tausi anaingilia benki humo. Ukishaiondoa abadilishe neno la siri la benki, na afanye hivyo kwa kutumia simu yake. Kanuni ya lile gemu nayo ifute.

Na malipo ya hiyo antivirusi yakiisha mwakani, kama hutaki kuyarudia, usiiache ikae imekwisha muda. Iondoe kabisa kwa zana ya kuondolea ya kampuni yenyewe, washa kompyuta upya, kisha fungua Windows Security uone Defender na fayawoli ya Windows zimewaka zote mbili. Wi-Fi ya nyumbani uihakikishe tena kuwa ni "Private", maana fayawoli ya Windows ina orodha yake yenyewe.

Bakari_Likoni, Mombasa

Na video za harusi zipandishwe usiku kwa Wi-Fi, Mama. Msizifute.