MREJESHO: Katuni za dawa za TB

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuwaelimisha wagonjwa wa TB kwa katuni, maana vipeperushi vyetu viliishia kufungia karanga. Nimeanza na kinachowatisha, kama mlivyoshauri: rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hugeuza mkojo rangi ya chungwa. Kwenye katuni, jamaa yuko chooni, macho yamemtoka, anamwita mkewe, kisanduku kinachofuata nesi anamwambia, "Ni dawa hiyo, endelea." Bibi mmoja alicheka weee, kisha akaninong'oneza kuwa alishaacha dawa kwa sababu hiyohiyo. Karudi kwenye dozi.

Ukurasa wa matibabu ya miezi 6 (miezi 2 ya dawa nne, kisha 4 ya dawa mbili) umegoma, vikalenda vimejazana mno. Mchoraji anataka jamaa apewe jina. Nimekataa, mtaani kwetu kila jina lina mwenyewe.