Tupeane uzoefu: mhasibu wako wa kodi ulimpataje?

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta mhasibu wa tatu ndani ya miaka mitano na sitaki kuumia tena, kwa hiyo naanza mimi.

Wa kwanza nilielekezwa na mfanyabiashara mwenzangu. Kijana mtanashati, maneno matamu, kompyuta kwapani. Nikamkabidhi kila kitu: namba ya mlipakodi, neno la siri la akaunti yangu ya kodi, na hela yenyewe taslimu akanilipie. Kila robo mwaka analeta stakabadhi, naitia kwenye faili, nalala usingizi. Nilipoitwa ofisi ya kodi nikabeba faili langu kifua mbele. Dada wa kaunta akalaza stakabadhi mbili mezani, akagusa moja kwa kidole, akagusa ya pili, wala hakusema neno. Namba ileile! Kilichobadilishwa ni tarehe tu.

Deni, faini na riba vikabaki kwangu, maana jina lililosajiliwa kule ni langu, kishoka hawamjui. Siku hizi kodi nalipa kwa mkono wangu, mhasibu namlipa ujira wake basi. Akaunti imeunganishwa na simu yangu na barua pepe yangu.

Haya, wenzangu?

Fundi Samani: Pole sana mkuu. Wa kwangu ni mama mmoja mtu mzima, nilimpata kwa kuuliza wenye karakana kama yangu, si watu wa maduka. Mhasibu aliyezoea duka hajui mbao inayooza stoo aiweke wapi. Kabla sijamwendea nilihakiki usajili wake kwenye orodha ya bodi ya wahasibu. Siku ya kwanza nikampelekea mfuko wa nailoni umejaa risiti. Akazimwaga mezani, nusu zilikuwa nyeupe pe, wino umekufa kwa joto la gari. Akaniambia, "Mwanangu, hizi ni gharama zako halali, na sina cha kuwaonyesha." Nikalipa kodi ya faida ambayo sikuipata. Sasa risiti ya mashine naipiga picha palepale nilipopewa.

Binti wa Vitenge: Mimi nilimpa kazi shemeji. Naomba niishie hapo.

Mzee wa Leja: Niruhusuni nami niliye upande wa pili wa meza. Mnatutafuta siku mbili kabla ya mwisho wa kupeleka ritani, ile taarifa ya mapato na kodi yako, halafu mnashangaa bei. Mhasibu mzuri mtafute msimu ukishapita, ana muda wa kukusikiliza. Mwambie aandike kwenye barua ya makubaliano: anafanya nini, lini, kwa kiasi gani, na ritani ikichelewa kwa uzembe wake nani anabeba faini. Anayetaka asilimia ya kodi atakayokurudishia, mkimbie; huyo ana kila sababu ya kupika gharama. Na usisaini ritani tupu hata kama mhasibu mlisoma naye shule moja. Tena jamani, hela ya ada ya watoto na hela ya mzigo zisikae akaunti moja! Nusu ya saa mnazonilipa naulizia tu "hii ilikuwa ya nini?"

Binti wa Vitenge: Haya, namalizia. Biashara ilisimama mwaka mzima, shemeji akasema hakuna mauzo hakuna ritani. Kumbe inapelekwa hata ikiwa sifuri. Faini nikalipa, na kwenye vikao vya ukoo nikaonekana mimi ndiye mkorofi kwa sababu nilimdai anirudishie mafaili. Mafaili yenyewe sijayaona hadi leo.

Mzee wa Leja: Mafaili ni mali yako, binti. Mwandikie kwa barua, ubaki na nakala.

Mwanzisha mada: Fundi, huyo mama bado anapokea wateja?

Fundi Samani: Anapokea, ila atakuuliza mhasibu wako wa zamani uliachana naye kwa nini, halafu atampigia simu kweli. Mimi alinifanyia hivyo.

Mwanzisha mada: Ampigie tu. Akimpata, aniambie yuko wapi.